Mtoto wa dobi aliyezipa kuta za Houston sura za mama zake

Mwaka 1950 Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Houston, jimboni Texas, lilifanya maonyesho yake ya kila mwaka ya wasanii wa mji huo. Mojawapo ya kazi zilizoshinda ilikuwa mchoro wa kalamu ya konte uitwao The Cradle: mwanamke mweusi mwenye mikono mipana amewakusanya wanawe kifuani, kichwa kimeinama, vidole vimewazunguka kama ua wa boma. Jumba liliununua mchoro huo. Lakini aliyeuchora hakuweza kuhudhuria hafla ya washindi. Alikuwa mtu mweusi, na kwa taratibu za ubaguzi za wakati ule siku ya watu weusi kuingia makumbusho ilikuwa Alhamisi tu. Picha ya mama mweusi ikakaribishwa, mtoto wa mama huyo akabaki nje.

Mchoraji huyo alikuwa John Thomas Biggers, mwalimu wa chuo, umri wake miaka 26. Katika nusu karne iliyofuata alichora kuta za maktaba, shule, kumbi za wafanyakazi na vyuo, aliandika kitabu kuhusu Afrika Magharibi ambacho Marekani haikuwa imeona mfano wake kutoka kwa msanii mweusi, na alifundisha kizazi baada ya kizazi cha vijana waliokuja chuoni bila kuamini kwamba maisha ya kwao yanafaa kuchorwa. Wachoraji wa kuta ni wengi Marekani. Wanaoshika kalamu ya kuandikia kwa uzito ule ule wanaoshikia brashi ni wachache, na Biggers ni mmoja wao. Hoja yake, ukutani na kitabuni, ilikuwa moja: nyumba ya Mmarekani mweusi ilisimama kwa mikono ya wanawake waliofua, waliopika, waliolima na kushona, na wanawake hao wanastahili ukuta mkubwa kuliko ule anaopewa jenerali.

Hakuitoa hoja hiyo vitabuni. Alizaliwa Aprili 13, 1924, Gastonia, North Carolina, mji wa viwanda vya nguo ambavyo ajira zake nzuri zilikuwa za wazungu. Alikuwa kitindamimba wa watoto saba wa Paul na Cora Biggers. Baba alikuwa mhubiri wa Kibaptisti, mkulima, fundi viatu na mwalimu mkuu wa shule ndogo ya watoto weusi, kwani kazi moja peke yake haikutosha kuilisha nyumba. Mama alikuwa dobi wa familia za wazungu. Uani palikuwa na vyungu vya chuma juu ya moto, nguo za watu zikichemka ndani yake, na ubao wa kufulia wenye mifuo ambao vidole vilisugulia mpaka vikachubuka. Waliishi katika nyumba nyembamba ya mbao, vyumba vikifuatana kimoja nyuma ya kingine bila korido, mlango wa mbele ukitazamana na wa uani. Nyumba za namna hiyo zilijaa Kusini mwa Marekani, na watu walizidharau kama alama ya umaskini. Baadaye mtafiti John Michael Vlach alifuatilia asili yake hadi Haiti, na kutoka Haiti hadi kwa Wayoruba wa Afrika Magharibi. Chungu, ubao wa kufulia, nyumba nyembamba, blanketi la viraka alilolishona mama usiku: msomaji avishike vitu hivi, maana Biggers hakuviacha mpaka kufa.

Baba alifariki mwaka 1937. Mama akaenda kufanya kazi katika makazi ya yatima weusi, na John na kaka yake Joe wakapelekwa bweni katika shule ya Lincoln Academy, iliyokuwa ya wamisionari. Mkuu wa shule hiyo, Henry C. McDowell, alikuwa Mmarekani mweusi aliyetumikia umisionari Angola kwa miaka mingi, na aliwasimulia wanafunzi habari za Waafrika kama watu wenye akili, sheria na heshima zao. Katika miaka ambayo sinema na vitabu vya Marekani vilimwonyesha Mwafrika kama kichekesho, hilo lilikuwa jambo kubwa kwa mtoto kulisikia. Ili kulipia masomo, John alipewa kazi ya kuwasha maboila ya shule. Aliamka kabla ya wenzake, akachochea moto, na kati ya kuongeza makaa na kungoja mvuke alikaa akinakili picha za magazeti.

Ndiyo maana alipoingia Chuo cha Hampton, Virginia, mwaka 1941, alijiandikisha kusomea ufundi bomba. Ilikuwa kazi ya heshima, yenye malipo ya hakika. Kisha akahudhuria darasa la sanaa la Viktor Lowenfeld, na habari za mabomba zikaishia hapo.

Lowenfeld alikuwa Myahudi wa Austria aliyewahi kuwafundisha watoto vipofu kufinyanga udongo. Alikimbia baada ya Wanazi kuitwaa nchi yake mwaka 1938, akaangukia Hampton, chuo cha watu weusi ambacho hata hakikuwa na idara kamili ya sanaa. Yeye ndiye aliyewaambia vijana wale kwamba wachore yale wanayoyajua kwa uchungu, badala ya mandhari ya mabonde ya Ulaya ambayo hawajawahi kuyaona. Biggers alisimulia siku ambayo mwalimu huyu aliwaonyesha wanafunzi barua rasmi iliyomwarifu kwamba jamaa zake wameuawa katika kambi za Wanazi. Kwa vijana waliokulia chini ya ubaguzi wa Kusini, wakidhani kila mzungu amezaliwa upande wa mwenye nguvu, barua ile ilibadili mengi. Mwalimu na wanafunzi wakatambuana.

Lowenfeld ndiye pia aliyewapeleka kwenye hazina iliyokuwa chuoni hapo hapo na ambayo wao waliipita bila kuitazama: mkusanyo wa sanaa za Kiafrika. Biggers hakuficha kwamba mwanzoni vinyago vile vilionekana vibaya machoni pao. Walikuwa wamefundishwa kuvionea aibu. Kwa msomaji wa Kongo jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya hazina hiyo ilitoka Kasai. Ililetwa na William Henry Sheppard, mwana wa Virginia aliyesoma Hampton, aliyekwenda Kongo mwaka 1890 kama mmisionari wa Kipresbiteri na kufika makao ya mfalme wa Wakuba mwaka 1892. Hampton iliununua mkusanyo wake mwaka 1911: vikombe vya mti vilivyochongwa, mazulia ya rafia, visu, vitambaa. Huyo Sheppard ndiye aliyeandika juu ya mateso ya watu wa Kasai chini ya kampuni ya mpira, akashtakiwa Léopoldville mwaka 1909 kwa kuikashifu kampuni hiyo, na mahakama ikamwachia. Kwa hiyo vitu alivyovisoma Biggers vililetwa na mtu aliyewatetea waliovitengeneza. Mapambo ya Wakuba, yale ya pembe na misuko inayoingiliana, yatajitokeza tena katika kazi za uzeeni mwake, yakiwa yamechanganyika na viraka vya blanketi za mama yake.

Mwaka 1943 mchoraji Charles White alikuja Hampton pamoja na mkewe wa wakati huo, mchongaji Elizabeth Catlett, akachora ukuta mkubwa kuhusu mchango wa watu weusi katika demokrasia ya Marekani. Biggers alikuwa pale, akisaidia na kukaa mbele ya White ili achorwe. Kupitia kwao alijifunza habari za Wameksiko, akina Diego Rivera na José Clemente Orozco, waliokuwa wametoa uchoraji katika sebule za matajiri na kuuweka kwenye kuta za serikali ambako mkulima asiyejua kusoma angeweza kujiona. Mwaka huo huo Lowenfeld alipeleka kazi za wanafunzi wake New York, kwenye Jumba la Sanaa za Kisasa, na mchoro mkubwa wa Biggers, Dying Soldier, ukawa miongoni mwake. Kijana wa miaka 19 alikuwa amefika mahali ambapo wasanii wengi hawafiki maisha yao yote.

Vita vikamkatisha. Aliitwa kwenye jeshi la majini, jeshi lililowatenga weusi, akapewa kazi ya kutengeneza vielelezo vya zana. Alipotoka mwaka 1945 roho yake ilikuwa imechoka. Lowenfeld alikuwa akihamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, akamwita. Huko Biggers alipata shahada zake, na huko alichora Night of the Poor na Day of the Harvest, kazi za mwaka 1948 ambazo watu wake wana miguu mikubwa, migongo iliyopinda na macho yaliyokosa usingizi. Mwaka huo alimwoa Hazel Hales, ambaye atakuwa naye safarini na nyumbani mpaka mwisho.

Mwaka 1949 wakahamia Houston. Chuo kilichomwajiri kilizaliwa na kesi. Mwaka 1946 Heman Sweatt, tarishi mweusi wa posta, aliomba kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, akakataliwa kwa rangi yake. Aliposhtaki, jimbo liliharakisha kuanzisha chuo kikuu cha weusi Houston mwaka 1947 ili lipate cha kusema mahakamani. Mahakama Kuu ya Marekani haikukubali ujanja huo na mwaka 1950 iliamua Sweatt aingie Austin. Lakini chuo kikawa kimeshazaliwa, na ndicho leo kinachoitwa Texas Southern University, TSU. Kilianzishwa kuwazuia watu weusi. Watu kama Biggers wakakigeuza kuwa chao.

Aliajiriwa kuanzisha idara ya sanaa. Mwaka 1950 mchongaji na mfinyanzi Carroll Harris Simms akajiunga naye, na wawili hao wakafanya kazi bega kwa bega kwa zaidi ya miaka thelathini. Vifaa vilikuwa haba. Wanafunzi wengi walitoka mashamba ya pamba ya mashariki mwa Texas, wazazi wao wakitamani wawe walimu au wauguzi, na baadhi yao walikuja darasani wakiwa hawajawahi kuikanyaga nyumba ya sanaa, kwa kuwa milango ilikuwa imefungwa.

Ukuta wake mkubwa wa kwanza Houston ulitoka kwa mchungaji Fred T. Lee, aliyempa kazi ya kuchora katika jengo la Blue Triangle, tawi la weusi la chama cha wanawake wa Kikristo, YWCA, kwenye mtaa wa Third Ward. Biggers angeweza kuchora picha ya kupendeza ya wanawake na maua. Alichora mchango wa wanawake weusi katika maisha na elimu ya Marekani, akaumaliza mwaka 1953. Yumo Harriet Tubman, aliyetoroka utumwani Maryland mwaka 1849 na kurudi tena na tena kuwatoa wengine. Yumo Sojourner Truth, mhubiri aliyezaliwa mtumwa New York na kusimama majukwaani kudai haki za weusi na za wanawake kwa pumzi moja. Yumo Phillis Wheatley, aliyechukuliwa Afrika Magharibi akiwa mtoto na ambaye mashairi yake yalichapishwa London mwaka 1773. Lakini majina makubwa hayo hayakai peke yao juu ya wengine. Wamezungukwa na wanawake wasio na majina, wanaofanya kazi, wanaofundisha, wanaolea, na ukubwa wa mikono yao ni ule ule.

Hapo ndipo mwandishi na mchoraji walipokutana rasmi. Biggers aliufanya ukuta huo kuwa msingi wa tasnifu yake ya udaktari, aliyoiwasilisha Pennsylvania mwaka 1954. Alisoma historia za wanawake hao wakati ambapo vitabu vya shule havikuwataja, akaandika kwa nini kila mmoja amewekwa alipowekwa. Naliona jambo hilo kuwa la ujasiri kuliko linavyosikika. Chuo kikuu kilikubali kwamba ukuta katika ukumbi wa mtaa wa weusi ni hoja ya kitaaluma, na mtoto wa dobi akatunukiwa udaktari kwa kuwaeleza wanawake wa aina ya mama yake.

Kuta nyingine zikafuata haraka: shule ya watoto weusi katika mji wa Naples, Texas, kisha ukumbi wa wafanyakazi weusi wa bandari ya Houston, tawi namba 872 la chama cha International Longshoremen's Association. Pale aliwachora wapakiaji wa meli wenyewe, historia yao na mizigo yao, katika jengo walilofanyia mikutano ya kudai mshahara.

Mwaka 1957 alipata ufadhili wa UNESCO kwenda Afrika Magharibi. Ghana ilikuwa imepata uhuru Machi 6 mwaka huo. Biggers na Hazel walikaa miezi sita, wakitembelea Ghana, Togo, Dahomey ambayo leo ni Benin, na Nigeria. Wasanii weusi wa Marekani waliokuwa wameikanyaga Afrika kabla yake walikuwa wa kuhesabika, na karibu hakuna aliyekwenda kwa nia yake: kukaa, kutazama, kuchora watu wakiwa kazini, na kuandika.

Ni vyema kufikiria alivyofika. Alikuwa amebeba vinyago vya Kasai vya Hampton, masimulizi ya McDowell na picha za aibu alizolishwa utotoni, vyote kwa pamoja. Alichokikuta hakikufanana na chochote kati ya hivyo. Alikuta wavuvi wakivuta nyavu kwa wimbo, soko ambalo wanawake ndio wenye mtaji na neno la mwisho, mama wakitwanga kwenye kinu na watoto wakilala migongoni, machifu chini ya miavuli ya rangi, mazishi yanayochukua siku nyingi. Alikuta pia vitu vya uani kwao Gastonia. Kibuyu cha maji. Chungu juu ya mafiga. Kitana cha mti. Mwanamke aliyeinamia nguo mtoni alikuwa na mgongo wa Cora Biggers. Nadhani safari hiyo ilimtikisa kwa sababu hiyo hasa: alikwenda kutazama watu wa mbali, akawakuta wa nyumbani.

Kitabu kilichukua muda. Kilitoka mwaka 1962 kwa jina la Ananse: The Web of Life in Africa, michoro yake ya kalamu ikiwa sambamba na maandishi yake mwenyewe. Mchapishaji alikuwa shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Texas, chuo kile kile kilichomfungia mlango Sweatt miaka kumi na sita kabla. Ananse ni buibui wa hadithi za Waakan wa Ghana, mjanja anayewashinda wakubwa kwa akili, kama Sungura wetu. Alivuka bahari pamoja na watumwa. Jamaika wangali wanamsimulia, na katika majimbo ya Kusini mwa Marekani alijulikana kama Aunt Nancy. Kumweka kwenye jalada kulikuwa na maana. Biggers alikuwa anasema kuwa uzi haukukatika.

Anayekipekua kitabu hicho leo atakutana kwanza na michoro, na michoro ndiyo yenye nguvu zaidi. Kalamu yake inatulia kwenye fundo la kanga, kwenye mshipa wa mkono wa mvuvi, kwenye uso wa bibi mzee, bila haraka na bila kumfanya mtu kuwa kioja. Maandishi ni ya msafiri mwenye heshima na mshangao. Yana mapungufu yake: Ghana ya Nkrumah, ya mikutano ya hadhara, magazeti na mabishano, iko pembeni, na kijiji kiko katikati. Mtu wa Accra wa mwaka 1957 pengine angeuliza mbona mafundi wa reli na makarani ni wachache. Lakini mizani iwe ya haki. Mmarekani mweusi wa wakati huo alikuwa amenyimwa kijiji hicho kwa miaka mia tatu, na kilipoletwa kwake kwa penseli ya mtu wa damu yake, bila kejeli, kilikuwa chakula. Wasanii vijana wa miaka ya 1960, waliokuwa wakiitafuta Afrika kwa hamu, walikuta Biggers ameshakwenda na kurudi.

Safari hiyo ilibadili pia kuta zake. Kwa miaka kadhaa alifanyia kazi picha kubwa ya sikukuu ya mavuno ya Ghana, Jubilee, ambayo sasa iko katika jumba lile lile la makumbusho la Houston. Katika jengo la sayansi la TSU alichora Web of Life, aliyoimaliza mwaka 1962: uhai wote umefungamana, mizizi, mbegu, wanyama, binadamu, na katikati yake mama. Migongo iliyopinda ya mwaka 1948 ikaanza kunyooka.

Wakati huo chuo chenyewe kilikuwa kinachemka. Machi 4, 1960, wanafunzi wa TSU waliandamana hadi kwenye duka kubwa la mtaani na kuketi kwenye meza za chakula zilizotengwa kwa ajili ya wazungu, maandamano ya kwanza ya aina hiyo Houston. Mei 1967 polisi waliyamiminia risasi mabweni ya chuo usiku. Biggers hakuwa mtu wa kupanda jukwaani. Aliwapa vijana kitu kingine, na hapa ndipo naona mchango wake mkubwa kuliko hata kuta alizochora mwenyewe.

Kila mwanafunzi wa sanaa aliyekaribia kuhitimu alitakiwa achore ukuta. Hakuambiwa achore turubai ya kuviringisha na kupeleka nyumbani. Alipewa sehemu ya ukuta wa jengo la Hannah Hall, jengo la utawala, ambako rais wa chuo, wahasibu na wazazi waliokuja kulipa ada wangepita mbele yake kila siku. Miaka ikipita, korido zikajaa: zaidi ya michoro 100, ya mikono tofauti, ya viwango tofauti, mingine ya kijana aliyeiva na mingine ya kijana anayejikongoja. Mtu anayechora kwenye karatasi anaweza kuichana. Ukutani huwezi kujificha. Lazima ujue unataka kusema nini, upange, upande jukwaa, uombe ushauri, uvumilie wapita njia wanaoshangaa mbona bibi huyu ana uso mkali hivyo. Alikuwa anawafundisha kusimama hadharani na maisha ya kwao.

Kati ya waliopitia mikono yake ni Kermit Oliver, ambaye baadaye alibuni skafu za hariri za nyumba ya Hermès ya Ufaransa, na Harvey Johnson, aliyerudi TSU kuwa mwalimu. Mwaka 1978 Biggers na Simms, pamoja na mwandishi John Edward Weems, walitoa kitabu Black Art in Houston, kinachosimulia maisha yao na ya idara yao. Kurasa nyingi wamewapa wanafunzi na kazi zao. Walimu wachache wa sanaa huandika historia yao kwa namna hiyo, wakijipunguzia nafasi.

Biggers alistaafu mwaka 1983, na badala ya kupumzika akaingia katika kipindi chake chenye utajiri kuliko vyote. Vile vitu vya Gastonia vikarudi vyote, sasa si kama vyombo vya umaskini bali kama alama takatifu. Katika Shotguns ya mwaka 1987, wanawake wamesimama barazani mwa nyumba nyembamba zilizopangwa safu kwa safu, kila mmoja ameshika nyumba ndogo mikononi kama mtu aliyebeba sadaka. Mapaa ya pembetatu yanajirudia mpaka yanakuwa viraka vya blanketi. Mbele yamelala mataruma ya reli. Chungu cha kufulia kimekuwa tumbo la uzazi, ubao wa kufulia umekuwa ngazi. Hesabu za pembe na duara zimetawala picha nzima, na jicho linaona Kasai na North Carolina mahali pamoja.

Nazipenda picha hizo, lakini mara nyingine nawatamani wanawake wake wa mwanzo. Wale wa uzeeni wake wamekuwa nguzo, malkia, miungu. Hawachoki. Mama wa The Cradle alichoka, na uchovu wake ulieleza habari za Houston ya mwaka 1950 ambazo taji haliwezi kuzieleza. Huenda Biggers angejibu kwamba mama yake alishachoka vya kutosha akiwa hai, na kwamba kazi ya mwanawe ilikuwa kumketisha. Ni jibu ambalo nisingeweza kulipinga.

Mapema miaka ya 1990 alirudi Hampton, akachora kuta mbili ndefu katika maktaba mpya ya chuo, House of the Turtle na Tree House. Alichora pia katika Chuo Kikuu cha Winston-Salem, jimboni kwao North Carolina. Mwaka 1994 alichora picha za toleo maalumu la shairi la Maya Angelou kuhusu bibi zao. Mwaka 1995 Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Houston likaandaa maonyesho ya kazi za maisha yake yote, yakiongozwa na mwanahistoria wa sanaa Alvia Wardlaw, kisha yakazunguka miji mingine ya Marekani. Alimaliza ukuta wa Nubia katika shule ya biashara ya TSU mwaka 1999, akiwa na miaka 75. Alifariki Houston Januari 25, 2001.

Kuta zake zimebaki na hatari ya kuta zote: haziwezi kuhamishwa watu wanapobadilika mawazo. Baada ya kifo chake, utawala wa chuo ulipaka rangi juu ya michoro miwili ya Harvey Johnson ndani ya Hannah Hall, na waliosoma pale wakalia kwa hasira, wakiwa na haki. Chuo kilichopewa korido zisizo na mfano katika nchi nzima kilipaswa kuzilinda kama kinavyolinda vyeti. Kisha Agosti 2017 kimbunga Harvey kikaifurikisha Houston. Paa la Blue Triangle likavuja na ukungu ukaanza kuupanda ukuta wa mwaka 1953. Wanawake wanaolisimamia jengo hilo, wengi wao wakiwa na umri mkubwa, wakaanza kuchangisha fedha za paa, na mafundi wa kuhifadhi sanaa wakaja kuusafisha ukungu.

Houston leo ina wakimbizi wengi kutoka Kongo, na Kiswahili kinasikika katika makanisa na maduka yake. Atakayetaka kuziona kazi hizi hana haja ya kwenda mbali: Blue Triangle na TSU viko karibu karibu ndani ya Third Ward, na Maktaba ya W. L. D. Johnson, tawi la maktaba za mji, ina mchoro wake wa miaka ya 1960, Birth from the Sea, aliouchora akiwa na pwani ya Ghana kichwani. Jumba la makumbusho lenye Jubilee hufunguliwa kwa kila mtu, na siku ya Alhamisi kiingilio cha mkusanyo wake wa kudumu ni bure.